Kazi iliyokufa bila matanga

Baba alikuwa fundi wa korona, mashine ya kuchakata mkonge, kwenye shamba moja upande wa Muheza. Miaka ya 1990 shamba likafungwa. Tukahamia Ngamiani, mjini Tanga, kwa shangazi, na kwa miezi mingi baba aliendelea kuamka saa kumi alfajiri, anavaa buti, anakaa barazani mpaka kunapambazuka. Hana anakokwenda.

Tulimwambia yale yanayosemwa kila mahali: shukuru uko hai, yaliyopita yamepita. Nakuomba wewe usiyaseme.

Mwaka 1917, Ulaya ikiwa vitani, Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyetibu maradhi ya nafsi, alichapisha andiko lisemalo kwamba mtu haombolezi maiti tu. Huomboleza hata nchi, uhuru, au jambo aliloliamini. Nilipokutana na maneno hayo ukubwani nilimwona baba. Alianza kazi miaka ya 1960, nchi ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na kila robota lililoshuka bandarini Tanga alilihesabu lake. Kisha kamba za plastiki zikala soko. Akifa mtu, mtaa unatandika majamvi, watu wanakaa matanga. Ikifa kazi hakuna anayekuja. Kilio kikikosa pa kutokea humrudia mwenyewe, naye anaanza kujilaumu. Baba alikuwa akisema, “Labda nilizembea mimi.” Bei ya dunia imeanguka, yeye anajishtaki!

Baada ya vita ile wafuasi wa Freud walifungua kliniki Berlin, mwaka 1920, asiye na hela akatibiwa bure. Tiba yao ni mazungumzo: unasema lolote linalokujia, mwenzio anasikiliza. Sisi si waganga, lakini kusikiliza tunaweza. Anna, binti wa Freud, akilea watoto London wakati wa vita vya pili, aliona kutengwa na mama kunawaumiza kuliko mabomu. Kwa hiyo mambo yakiharibika msiwatawanye watoto kwa ndugu kama mnaweza kuepuka. Mdogo wangu alipelekwa Pangani, akaanza upya kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa.

Mtu akigoma kula au akitaja kufa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Vinginevyo kaa naye, umuulize habari za kazi yenyewe, za hela ziache. Mimi nilimuuliza baba korona ilikuwa ikilia vipi. Akaiga mlio kwa mdomo, akacheka, machozi yakamtoka. Mama akaleta chai, akakaa naye barazani.