Kabla ya kijiti cha kuongozea, kaa kwenye kiti cha tarumbeta

Vijana wanaotaka kuongoza kwaya au bendi ya matarumbeta huniuliza kwanza namna ya kupunga mikono. Mikono mtajifunza. Mimi huwaelekeza kwa mwongozaji wa okestra Andris Nelsons, mzaliwa wa Riga, Latvia, mwaka 1978. Kabla ya kuongoza alikuwa mpiga tarumbeta katika okestra ya Opera ya Taifa ya Latvia.

Mpiga tarumbeta wa okestra muda mwingi amekaa kimya, anahesabu vipimo, yaani mafungu ya mapigo kwenye nota. Midomo inapoa, halafu anatakiwa aingie kwa noti ambayo akiikosea ukumbi mzima umesikia. Wakati wote huo macho yake yako kwa mwongozaji. Anamjua anayemtazama kabla ya kumwingiza, anayevuta pumzi pamoja naye, na anayemsahau kabisa. Anayerukia jukwaani bila kupita huku nyuma hulikosa somo hili, na wapigaji humgundua mapema sana.

Kiti hicho ndicho kilichomkutanisha Nelsons na mwalimu wake. Okestra ya Filharmoniki ya Oslo ilipungukiwa mpiga tarumbeta ghafla, Nelsons akaziba pengo. Okestra ile ilikuwa chini ya Mariss Jansons, naye mtu wa Riga, na kuanzia mwaka 2002 akawa anamfundisha. Kwa hiyo mkiitwa kujazia nafasi, hata sauti ya tatu, nendeni. (Nauli ulizeni mapema, hilo ni jambo jingine.)

Mwaka 2003 Nelsons akawa mwongozaji mkuu wa opera ileile ya Latvia. Kuwaongoza uliokaa nao safu moja ni mtihani, maana wanakujua vizuri. Dawa yake ni maneno machache: “Tarumbeta, kipimo cha 40, punguzeni.” Basi, endelea. Hotuba waachieni wageni rasmi.

Baadaye zilikuja okestra za Birmingham, Boston mwaka 2014 na Leipzig mwaka 2018, nanyi mnatamani kuanzia huko. Mimi nahesabu zaidi ile miaka ya opera, hadi 2007. Kwenye opera mwimbaji akivuta noti kuliko mlivyozoea, watu wote waliopo shimoni, pale okestra inapokaa mbele ya jukwaa, wanamngoja, na anayewashikilia ni wewe. Msio na opera tafuteni harusi. Msindikizeni mwimbaji wa pekee asiyejali mapigo, mkimwangalia mdomo na mabega, kwa sababu nota haitawaambia ataingia lini.