Kwa manesi wapya mliopangiwa wodi ya saratani: ulizeni nyie, msisubiri mgonjwa aseme

Wadogo zangu mnaoanza kazi, hasa mliopelekwa wodi za saratani, na nyie mlioko zahanati mnaodhani saratani haiwahusu, naomba mnisikilize kidogo. Chuoni mmefundishwa dawa na dozi na stage za ugonjwa, sawa, ila kazini nimejifunza kwamba mgonjwa wa saratani hasemi mpaka umuulize, na ukimuuliza vibaya bado hasemi.

Tuanze huko zahanati maana ndiko mgonjwa anakookolewa au anakopotelea. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar es Salaam, ugonjwa umeshasambaa, damu imepungua, wengine hata mkojo unapita kwa shida. Ukikaa na mama taratibu akakusimulia utakuta alishapita vituo kibao, kapewa dawa za fangasi, kapewa dawa za UTI, kapewa tena antibayotiki nyingine, na hakuna aliyemuuliza "mama, unaona damu baada ya kukutana na baba?" wala aliyempandisha kitandani akaweka spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, akaangalia. Swali moja tu jamani! Mama wa miaka 45 hawezi kujianzishia maneno hayo mbele ya binti wa miaka 24, atakwambia kiuno kinauma na uchafu unamtoka basi. Kwa hiyo funga mlango, toa watu wote, mwamkie vizuri, kaa chini, uliza wewe. Na aliyekoma hedhi halafu anaona damu tena usimwambie ni mambo ya umri, huyo aende akaangaliwe.

Kipimo chenyewe si kigumu, unapaka siki ya asilimia 3 mpaka 5 kwenye mlango wa kizazi, unasubiri dakika moja, palipobadilika panakuwa peupe, na kama panafaa kutibiwa hapo hapo panagandishwa au kuchomwa kwa joto siku hiyo hiyo na mama anarudi kwake. Hapo umezuia saratani kabla haijawa saratani, na aliyeizuia ni nesi. Mlioko CTC, kliniki za wenye VVU, nyie ndio kabisaa, mwanamke mwenye VVU hatari yake ya saratani hii ni kama mara sita ya asiye na VVU, sasa anakuja kuchukua dawa miaka na miaka na hakuna anayemuuliza lini alipima mlango wa kizazi, hilo linaniuma sana. Chanjo ya HPV, yaani kirusi cha saratani hii, ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Mzazi akisema chanjo inaharibu kizazi usimfokee, muulize kasikia nini na kwa nani, mwache amalize, ndio umweleze kwamba inamkinga na kirusi kinacholeta ugonjwa huu. Ukimfokea hamleti mtoto, na jirani yake pia hamleti.

Kwenye kliniki ya mama na mtoto mnyonyeshaji akija na uvimbe kwenye titi msikimbilie kusema maziwa yameganda, akitibiwa na usipoondoka mpe rufaa. Na mama akisema jicho la mtoto linang'aa jeupe kwenye picha za simu, inaweza kuwa saratani ya jicho, rufaa hiyo haisubiri wiki ijayo.

Haya, wodini sasa. Kabla mgonjwa wa kemo, yaani dawa za kuua saratani, hajaondoka mwambie kwa maneno ya nyumbani kwamba akisikia homa au kutetemeka baridi asinywe panadol akalala, aje hata kama ni saa nane usiku, maana siku ya 7 mpaka ya 14 hivi kinga inakuwa chini kabisa na joto la 38 linaweza kumuua kabla hakujakucha. Halafu muulize: utakuja na nini usiku huo? Jibu lake ndilo litakuonyesha kama mpango upo au haupo. Dripu ya doksorubisini, moja ya dawa za kemo, ikiwa inapita usikae mbali, muulize kila mara kama mkono unawaka, ikivuja nje ya mshipa simamisha, usichomoe kanula kwanza, vuta kilichobaki, weka baridi. Vinkristini, dawa nyingine ya kemo, ikivuja ni joto badala ya baridi, na vinkristini haiingii uti wa mgongo kamwe, ni kifo, hapo usimwonee haya daktari yeyote.

Maumivu nayo yaulize kila zamu. Wazee wetu wa kiume wanakaza meno wanakwambia "sijambo mwanangu" huku wamekunja miguu usiku kucha. Wengi wanaogopa mofini ya maji wakidhani ukipewa hiyo ndio unaagwa, waelezeni ni dawa ya maumivu, inanywewa kila baada ya masaa manne bila kusubiri maumivu yarudi, na waanzishiwe dawa ya kulainisha choo pamoja nayo la sivyo wataiacha wenyewe.

Kitu kigumu zaidi kwangu ni harufu. Kidonda cha titi kilichopasuka, au mama ambaye mkojo unavuja muda wote, ndugu wanasogeza viti, chakula wanaacha mlangoni, na mgonjwa anaona kila kitu. Usikunje uso, na usizibe pua mbele yake. Safisha kwa chumvi na maji yaliyochemshwa yakapoa, saga vidonge vya metronidazole, antibayotiki inayopunguza harufu, nyunyiza kwenye kidonda, badilisha shuka, kisha kaa naye, umguse. Wagonjwa wengi hukuuliza jambo lililowakaa moyoni dakika hizo hizo unapofunga kidonda, kama watoto wataambukizwa, au kama mume atamwacha. Na aliyepata mionzi ya nyonga ongea naye kuhusu tendo la ndoa, uke unaweza kusinyaa na kuna namna ya kuusaidia, madaktari wengi hawataligusa hilo.

Mwisho muulize nauli. Mionzi inaweza kuchukua wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, mtu katoka Kigoma, analala wapi, anakula nini, nani kabaki na watoto? Wanaoacha matibabu katikati wengi hawaagi, wanapotea tu. Ukiona mashaka mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, na kwenye faili andika namba mbili za simu, yake na ya ndugu anayeishi naye, kisha zipigie akiwa bado amekaa mbele yako ujue zinapatikana.