Uliza Anko: Nimealikwa renji, naanzaje?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi ni mwanafunzi hapa Dallas, Texas, nina viza ya F-1. Wenzangu darasani wanasema Jumamosi twende renji, ule ukumbi wa ndani wa kulenga shabaha, bastola unakodi hapohapo. Sijawahi kushika bunduki, kwetu Tabora nilikuwa naziona kwa walinzi wa benki tu. Nifanyeje nisiaibike?

JIBU: Marahaba mwanangu. Aibu iache kwanza, tuanze na hiyo viza maana hapo ndo wengi wanaweza kuumia bila kujua. Sheria ya Marekani nzima, sio ya Texas peke yake, inamkataza mwenye viza ya muda kama yako kumiliki au kushika bunduki na risasi zake, na ya kukodi nayo inahesabika, hata iwe nusu saa, hata kama jamaa wa kaunta hajakuuliza chochote. Kifungo kinaweza kufika miaka 15, hapo bado hujarudishwa nyumbani. Kuna vimlango vichache, kinachojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo mojawapo, kwa hiyo ongea na mwanasheria kabla ya hiyo Jumamosi. Wenye grini kadi, yaani wakazi wa kudumu, katazo hili haliwahusu.

Makaratasi yakikaa sawa, mengine yanafundishika. Sema wazi kaunta kwamba ndo mara yako ya kwanza kushika bunduki, hakuna atakayekucheka, anayewatia presha pale ni yule anayejifanya anajua. Na usishangae ukiambiwa hukodishiwi ukiwa peke yako, renji nyingi zina sharti hilo kwa sababu kuna watu wamewahi kukodi wakajiua palepale.

Masikio: mlio mmoja wa bastola unavuka desibeli 140 na mle ndani kuta zinaurudisha, kwa hiyo weka viziba vya sponji halafu juu yake zile kubwa kama hedifoni, uvae na miwani, vyote kabla hujaingia kwenye leni, yaani ile nafasi yako ya kupigia. T-sheti iwe ya shingo ndogo na viatu vya kufunika, maana maganda ya risasi yanaruka yakiwa ya moto, likikuingia kifuani utaruka na bastola mkononi. Likiingia, vumilia, weka silaha mezani kwanza ndo ucheze dansi lako.

Sasa lenyewe. Kila bunduki ihesabu ina risasi. Mdomo wake usiuelekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka umelenga, na ujue nyuma ya shabaha kuna nini. Aliyezipanga hizo sheria nne kwa namna hii ni Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marines, kikosi cha jeshi la Marekani, aliyefungua shule yake ya silaha Arizona mwaka 1976. Mgeni anaharibu wapi? Akipata shabaha! Amepiga katikati, furaha imempanda, anageuka kuwaambia wenzake "mmeona?" na bastola imegeuka naye, leni nzima watu wanainama. Selfi ndo usiseme. Mimi msimamizi anayemtoa mtu nje kwa hilo namuunga mkono, hata kama umeshalipa.

Ukivuta triga isilie, usichungulie mtutu, iache iangalie mbele kama sekunde 30 huku umenyoosha mkono mwingine kumwita msimamizi. Ikitoa kamlio kadogo ka "pufu", usipige nyingine kabisa, risasi inaweza kuwa imekwama mtutuni. Na mtu yeyote akiita "cease fire" unaacha kupiga, unaweka chini, unarudi nyuma ya mstari, hugusi hata magazini ya risasi mpaka mruhusiwe.

SWALI: Mume wangu kila Jumapili yuko renji, akirudi tu anambeba mtoto wetu wa miezi minane. Nikimwambia aoge kwanza anasema namfuatafuata. Mama J, Houston.

JIBU: Mfuatefuate tu mama. Moshi wa risasi una vumbi la madini ya risasi, yale Waingereza wanayaita "lead", linatoka kwenye kile kipande cha kulipua baruti na kwenye risasi yenyewe, na mle ndani linakaa kwenye nywele, nguo na soli. Kwa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, linagusa ubongo unaokua. Anawe kwa sabuni na maji ya baridi kabla hajatoka renji, asile kitu mle ndani, viatu vibaki nje ya mlango, nguo zifuliwe peke yake, aoge, ndo ambebe. Mwambie daktari wa mtoto apime damu, ni kipimo cha kawaida. Na ukishika mimba usimsindikize, vumbi linampata aliye tumboni na mlio nao huwezi kumzibia.

SWALI: Jirani wa leni ana bunduki nzuri, naweza kuomba nijaribu?

JIBU: Subiri amalize raundi yake, sifia, ukae kimya. Wengi watakukaribisha wenyewe, ukikaribishwa jitolee kulipia risasi. Ila usiiguse mezani kwake bila ruhusa, na usimfundishe mtu kushika bastola kama hajakuuliza, hasa mke wa mtu.