Kiyoyozi cha chumba cha kulala: je, kikubwa ndicho bora?

SWALI: Ndugu Mhariri, chumba chetu cha kulala kina mita 4 kwa 4, na dirisha lake linapigwa na jua la jioni. Muuzaji ananishauri ninunue kiyoyozi cha BTU 18,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) ili kipoze haraka. Je, nimsikilize?
Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam

JIBU: Hapana. Kwa makadirio ya kawaida, kila mita ya mraba huhitaji takriban BTU 600, hivyo chumba chenu cha mita za mraba 16 kinahitaji kama 9,600. Ukizingatia na jua hilo la jioni, kiyoyozi cha BTU 12,000 kinatosha. Kilichozidi ukubwa hupoza hewa upesi kisha hujizima kabla hakijaondoa unyevu, na huku pwani ni unyevu huo unaofanya shuka zinate mwilini hata chumba kikiwa baridi.

Chagua chenye inveta, ambacho hupunguza mwendo wa kompresa (mashine inayosukuma gesi ya kupozea) badala ya kuizima na kuiwasha kila mara, kwa kuwa bei yake ya juu hufidiwa na uniti za umeme wa LUKU mtakazookoa iwapo mnakiwasha usiku kucha. (Kwa chumba cha wageni, sioni haja.) Kwa kuwa mko karibu na bahari, ulizia pia kama kifaa cha nje kimepakwa kinga dhidi ya kutu ya chumvi.

Zaidi ya yote, mwangalie fundi: asipoondoa hewa na unyevu kwenye mabomba kwa pampu maalumu kabla ya kufungulia gesi, kompresa itakufa mapema, chapa iwe yoyote. Bomba la kutolea maji nalo literemke mwanzo hadi mwisho, la sivyo maji yatachuruzika ukutani.