Giaboksi ya Otomatiki Inayochemka kwa Kuvuta Tela

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Natumia gari la otomatiki kuvuta tela lenye ndoo 30 za asali, za lita 20 kila moja, kutoka porini hadi Tabora mjini. Tangu joto la Septemba lilipoanza, gia huchelewa kuingia ninapokaribia mjini, na nikisimama nasikia harufu ya kuungua ingawa geji ya joto haipandi. Fundi mmoja ameniambia nitoe themostati, mwingine amenishauri nifunge rejeta ndogo ya oili. Nimsikilize yupi?

JIBU: Ndugu mfugaji, msikilize wa pili, ila usianzie hapo. Themostati iache mahali pake, kwani inaongoza maji ya injini, na kuitoa hakutibu joto linalozaliwa ndani ya giaboksi. Geji unayoitazama nayo hupima maji hayo hayo, ndiyo maana imetulia wakati oili ya giaboksi inaungua.

Joto hilo huzaliwa zaidi kwenye toki konvata, chombo cha duara kilichoko kati ya injini na giaboksi. Humo nguvu ya injini hupitishwa na oili, na wakati wowote upande wa injini unapozunguka kwa kasi kuliko upande wa giaboksi, tofauti hiyo hugeuka kuwa joto. Kwenye mchanga, tela likiwa zito na mwendo ukiwa mdogo, tofauti hiyo haikomi, na upepo unaopita kwenye rejeta ni haba. Kwenye lami, mwendo ukishatulia, magari mengi huifunga konvata ili pande zote mbili zizunguke pamoja, na joto hupungua sana. Kwa hiyo naamini madhara unayoyaona karibu na mjini yameanzia kule porini.

Oili hiyo hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Ikipita 120 huanza kuacha utando kwenye vali, na mafundi hukadiria kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi hupunguza maisha yake kwa nusu.

Tazama kwanza mzigo wako. Asali ni nzito kuliko maji: ndoo ya lita 20 ina takriban kilo 28, hivyo ndoo 30 ni kama kilo 840, bila kuhesabu tela lenyewe. Kitabu cha gari huonyesha uzito linaloruhusiwa kuvuta, na mara nyingi tela lisilo na breki huruhusiwa uzito mdogo kuliko lenye breki. Ukivuka kiwango hicho, nakusihi ugawe safari, kwa sababu hakuna rejeta itakayokuokoa. Kwenye mchanga na milima weka gia ya chini badala ya kuliacha gari lihangaike kwenye D (gia ya kawaida ya kwenda mbele), na uzime O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) kama gari lako lina kitufe hicho. Ukisimama kupumzika, usizime injini mara moja. Vuta breki ya mkono, weka N (gia huru), uiache injini iungurume dakika chache, maana pampu inayozungusha oili hutegemea injini.

Kisha ikague oili. Chomoa dipstiki ya giaboksi, yaani kijiti cha kupimia oili, na uifute kwa kitambaa cheupe: nyekundu inayopitisha nuru bado ina uhai, ya kahawia iliyoiva yenye harufu ya kuungua imekwisha, nayo ibadilishwe kwa aina iliyotajwa na mtengenezaji, kamwe si oili ya injini. Ukiona rangi ya waridi yenye ukungu, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, na gari lisiendeshwe tena kabla ya matengenezo. Katika magari mengi oili hii hupozwa ndani ya rejeta kubwa, kwa hiyo rejeta iliyojaa kutu kwa kutiwa maji ya bomba miaka mingi huinyima giaboksi upoaji.

Hayo yakiwa sawa, funga rejeta ndogo mbele ya ile kubwa, panapopata upepo, ikipokea oili iliyokwisha kupita kwenye rejeta kubwa na kuirudisha kwenye giaboksi. Mipira iwe ya kuhimili oili ya moto, kwani mpira wa maji hulainika na kupasuka. Rejeta hiyo nayo hubeba oili, kwa hiyo baada ya kuifunga washa injini, pima tena na uongeze kidogo kidogo hadi ifike alama.