Mkutano wa klabu ya karavani wikendi ndefu ya Agosti: ushauri kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila ikikaribia Jumatatu ya mwisho wa Agosti, ambayo hapa England ni siku ya mapumziko, ndugu na jamaa huanza kunipigia. Hoteli zimepanda, nyumba za kupanga ufukweni zimejaa, watoto wamefunga shule na wanamaliza mikate tu, tufanye nini? Jibu langu halibadiliki: tafuta karavani iliyotumika, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari ulilonalo, jiunge na klabu, njoo kwenye mkutano.

Ninaposema mkutano, usifikirie kempu yenye mapokezi, duka na bwawa la kuogelea. Sheria ya karavani ya mwaka 1960 inaziruhusu klabu zenye cheti maalumu kuwakusanya wanachama wake kwenye ardhi ya mtu kwa muda usiozidi siku 5, bila mwenye ardhi kuomba leseni ya kuendesha kempu. Kwa hiyo klabu huzungumza na mkulima, mkulima anahamisha kondoo wake, na wanachama wanaojitolea wanasimamia. Hapo ndipo unafuu wa bei unapotoka. Unachopata ni majani, bomba la maji na mahali pa kumwaga choo. Umeme mara nyingi hakuna kabisa, na wageni wengi hushtukia hilo wakiwa wameshafika na birika lao la umeme mkononi.

Mimi mikutano ninayoipenda zaidi ni ile ya jirani na Bakewell, mji mdogo wa Derbyshire. Kutoka Leicester si mbali, mji unatembeleka kwa miguu, na ndani ya mwendo mfupi kuna jumba la Chatsworth na ile njia ya Monsal, iliyokuwa reli zamani. Mahandaki yake yalifunguliwa kwa watembea kwa miguu na baiskeli mwaka 2011. Watoto wakiingia humo na baiskeli zao, kazi yako ni kukaa upande wa pili na kuwasubiri watoke.

Tuanze na safari, maana wikendi huharibikia barabarani kabla hujafika. Tangu Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari ya hapa Uingereza anaruhusiwa kuvuta trela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, mradi gari lake lina uwezo huo. Watu wamelisikia la kwanza, hilo la mradi limewapita. Angalia kitabu cha gari lako, angalia na kibati cha uzito kilicho karibu na mlango wa karavani. Ushauri wa klabu kwa wanaoanza ni kwamba karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Ushike.

Halafu upakiaji. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunasafiri na jiko zima: sufuria ya pilau, mfuko wa mchele wa kilo 20, kreti la soda, kinu. Mama watoto anapanga, mimi napangua. Kila kizito kikae chini sakafuni, usawa wa magurudumu, wala si nyuma kabisa, kwa sababu karavani iliyolemewa nyuma ndiyo inayoanza kuyumba kama mkia wa mjusi lori likikupita. Uzito unaolalia ndoano ya gari uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa karavani yote, na usivuke kikomo cha gari. Kuupima ni rahisi: simamisha kipande cha mti juu ya mizani ya bafuni, weka kichwa cha karavani juu yake ikiwa imesimama sawa, soma namba. Ukiona namba imezidi, mchele uhamie ndani ya gari.

Mwendo wako ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu za njia mbili zilizotenganishwa, maili 50 kwenye barabara za kawaida, na kwenye zile za mwendo kasi (motorway) zenye njia tatu au zaidi, njia ya kulia kabisa si yako. Matairi yatazame umri pia, maana karavani hukaa mwaka mzima imesimama na mpira unazeeka huku nyayo zikionekana mpya.

Ukifika usijichagulie mahali. Subiri geti, wasimamizi wamevaa vizibao vya kung'aa, watakuonyesha. Kati ya karavani na karavani huachwa mita 6 kwa ajili ya moto, na gari lako au hema la mbele, lile linaloungwa na karavani, visiizibe nafasi hiyo. Kama nyumbani kwenu hamkai na mbwa, sema mapema, hata siku ya kujiandikisha. Mbwa ni wengi kuliko watoto kwenye mikutano hii, na sijaona msimamizi aliyekataa kumpeleka mtu upande usio na mbwa alipoombwa kwa adabu.

Kwa umeme, unategemea betri ya karavani na jua. Betri nzima ya saa-ampea 100 na sola moja juu ya paa vinatosha taa, pampu ya maji na simu za familia, basi. Friji iwashe kwa gesi, na hakikisha karavani imelala sawa kama pima-maji inavyosema, la sivyo friji ya gesi haipoozi vizuri na nyama ya Jumapili utaijua harufu yake. Ile miguu minne ya pembeni ni ya kutuliza tu. Kunyanyua upande ulioinama ni kazi ya vibao chini ya gurudumu. Jenereta nakushauri uliache nyumbani hata kama linaruhusiwa kwa saa fulani. Utachaji simu na utapoteza majirani.

Sasa naomba unisikilize kwenye jambo la jiko la mkaa. Nyama choma tunaipenda na huku mvua ya Agosti haina adabu, kwa hiyo kishawishi cha kulisogeza jiko ndani ya hema la mbele ni kikubwa. Usifanye hivyo, hata mkaa ukionekana umezimika. Mkaa unaofifia bado unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi (kaboni monoksidi), na imeshaua familia zikiwa usingizini. Jiko likae nje, likae nje usiku kucha, na ndani ya karavani uwe na king'ora cha gesi hiyo chenye betri inayofanya kazi. Pia linyanyuliwe juu ya matofali, majani ya mkulima yasiungue, kwa sababu klabu inataka kualikwa tena mwakani.

Jumamosi jioni watu hukusanyika kwenye hema kubwa. Utaambiwa uje na kiti chako, kikombe chako na kinywaji chako, na wanamaanisha hivyo hivyo: kila mtu anaingia amebeba kiti begani. Kuna chemsha bongo, kuna bahati nasibu ya zawadi ndogo ndogo, na kuna pombe ambayo hakuna atakayekulazimisha kuigusa. Nenda na sinia. Mandazi ya iliki yakipitishwa kwenye safu za viti, ukimya wa Kiingereza unaisha wenyewe, na kesho yake wazee wanakuja karavani kwako kuuliza yametengenezwaje. Wanangu ilibidi nizungumze nao, kwa sababu huku mzee wa miaka 80 anajitambulisha kwa jina lake la kwanza na anataka aitwe hivyo. Wangu wanamwita babu fulani na jina lake. Hakuna babu aliyelalamika.

Ukiweza, jitolee kusaidia geti au kukusanya viti. Kwa kazi ya nusu saa utafahamiana na watu wanaojua kila kelele ya karavani inatokana na nini, na ushauri wao ni bure.

Kuhusu kurudi: waulize wasimamizi Ijumaa kama wanaruhusu kulala hadi Jumanne, maana Jumatatu mchana barabara ya M1 hujaa. Jumatatu ndiyo siku ya soko Bakewell. Nenda kwa miguu, uache gari na karavani shambani, mitaa ile na daraja lake la karne nyingi havikujengwa kwa ajili yetu. Jaribu ile pudingi ya mji, ukoko wenye jamu na lozi, ila kama unafuata halali uliza kwanza wametumia mafuta gani. Jumanne asubuhi mwaga choo na maji machafu kabla ya kufunga karavani, kisha waage wasimamizi.