Simuleta haina haraka, usiwe nayo wewe

Vijana wanaojiandaa kusomea ndege yao ya kwanza kubwa huniuliza maswali mengi kuhusu simuleta, mashine ya mafunzo inayoiga ndege ikiwa ardhini, kuliko kuhusu ndege yenyewe. Wana haki. Siku hizi rubani mzoefu anayehamia aina mpya ya ndege anaweza kumaliza mafunzo ndani ya mashine hiyo, na siku anapoirusha ndege halisi kwa mara ya kwanza, abiria wameshafunga mikanda nyuma yake.

Nyingi ya mashine hizo zina nembo ya CAE, kampuni ya Montreal, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1947 na Ken Patrick, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la anga. Chumba kizima cha rubani kinakaa juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika. Mashine haiwezi kukufikisha popote, kwa hiyo inakuhadaa. Ukisukuma vishikio vya nguvu ya injini ili upae, chumba kinalalia nyuma taratibu, nawe unahisi mgongo ukigandamizwa kitini kana kwamba unachapa mbio kweli. Sikio la ndani haliwezi kutofautisha kulala nyuma na kuongeza kasi.

Udhaifu huo huo wanaoutumia mafundi ndio unaoua marubani angani. Paa kutoka Zanzibar kuelekea baharini usiku usio na mwezi: mwili utakuapia kwamba pua ya ndege imeinuka mno, na mkono utataka kuishusha. Ndege ikilalia ubavu polepole ndiyo mbaya zaidi, maana huhisi chochote. Mei 2007 ndege ya Kenya Airways ilipaa usiku kutoka Douala, Kamerun, wakati wa mvua, ikaanza kulalia kulia huku otopailoti, mtambo unaoirusha ndege wenyewe, haijashika. Wote 114 waliokuwemo walifariki. Wachunguzi walieleza kwamba rubani alipotewa na mwelekeo.

Kwa hiyo ukipata dakika za ziada, usimwombe mkufunzi akuonyeshe mji mzuri kwenye skrini. Mwombe giza na bahari. Kisha jizoeze kusema kwa sauti kile ambacho geji inaonyesha, si kile ulichobonyeza. Kubonyeza kitufe cha otopailoti ni jambo moja, kusoma kwenye kioo kwamba imeshika ni jingine, na rubani mwenzako lazima akusikie ukilisema hilo la pili.

Jambo ambalo wanafunzi wetu hawalitumii ni kitufe cha kusimamisha. Ndege halisi haisimami angani ikungoje uelewe, simuleta inasimama. Injini moja imezimwa, taa nyekundu zimewaka, umechanganyikiwa: sema, "Mwalimu, naomba tusimamishe hapa." Tumelelewa kuona aibu kumkatiza mkubwa, na wengine wanadhani wataonekana wazito. Kwa wakufunzi niliokaa nao, aliyewatia wasiwasi ni yule anayetikisa kichwa tu, "ndiyo kapteni, ndiyo kapteni." Siku ya mtihani ni habari nyingine, usisubiri mpaka siku hiyo ndipo uulize. Omba pia urudishwe maili chache kabla ya kutua badala ya kuzunguka tena uwanja mzima, utatua mara nyingi zaidi kwa saa ile ile unayolipia.

Vitufe vijue kabla hujafika. Bandika picha ya chumba cha rubani ukutani, keti mbele yake, pitia orodha ya ukaguzi kwa mdomo na kidole hadi wenzako wa nyumbani wakucheke.

Halafu kuna usingizi. Mashine hizi ni ghali mno kuachwa zikae bure, kwa hiyo zinafanya kazi usiku na mchana, na mgeni aghalabu ndiye anayepewa saa nane usiku. Ratiba ikitoka, geuza usingizi wako siku mbili tatu kabla. Na mwenzako akiwa ndiye anayerusha, usisinzie: zamu yake inakufundisha mengi, maana mikono yako haina kazi na macho yako huru.